Je, ni busara kumfunza farasi wa mke wangu kwa siri ili iwe zawadi ya sikukuu?

MumeWaMpandaji
Salaam wanajukwaa. Mke wangu ana farasi jike wa miaka mitatu na nusu aliyeanza kupandwa mwaka huu, na mambo yote yanakwenda vizuri isipokuwa moja: mara tu mke wangu anapotia mguu kwenye kikuku cha tandiko, farasi huondoka. Hakimbii wala hapigi teke. Anatembea tu, kama gari la abiria ambalo dereva wake hataki kumsubiri aliyechelewa. Mke wangu humalizia kupanda huku akirukaruka kwa mguu mmoja, na mara nyingine huketi tandikoni kwa kishindo ambacho hata mimi niliye pembeni nakisikia.

Sikukuu za mwisho wa mwaka zinakaribia. Miaka iliyopita nimempa glavu, fremu za picha na vitu vingine vya aina hiyo, ambavyo hushukuriwa kisha hupotelea kabatini. Safari hii nimewaza jambo jingine. Yeye hurudi jioni, nami mchana ninapata nafasi ya kuwa zizini peke yangu. Nataka kumfunza farasi wake kusimama tuli wakati wa kupandwa, bila yeye kujua, ili asubuhi ya sikukuu apande na amkute mnyama ametulia. Mimi pia hupanda, ingawa si kwa kiwango chake. Je, wazo hili lina busara? Na kwanza kabisa, ni kitu gani kinachomfanya farasi huyu aondoke?

MzeeHatamu
Karibu. Anaondoka kwa sababu amefunzwa kuondoka, ingawa hakuna aliyekusudia kumfunza hivyo. Wapandaji wengi wakishakaa tandikoni hukusanya hatamu na kuanza safari papo hapo, na farasi, ambaye ni hodari sana wa kutambua kinachofuata nini, huona kwamba mguu ukiingia kwenye kikuku basi hatua ya pili ni kutembea. Baada ya muda haoni sababu ya kungoja sehemu ya katikati.

Dawa yake ni kuvunja mfuatano huo. Mtu apande, akae, asifanye lolote, amkune shingo, ashuke. Siku nyingine apande, akae muda mrefu kidogo, ndipo aombe mwendo. Farasi akisogea kabla hajaombwa, arudishwe pale pale alipokuwa na zoezi lianze upya bila hasira. Angalia sana wakati wa kulegeza hatamu: farasi hujifunza pale shinikizo linapoondoka, si pale linapowekwa. Ukiivuta hatamu akasimama, nawe ukaendelea kuivuta, umemfundisha kwamba kusimama hakumletei nafuu yoyote.

BintiShoti
Kwa heshima, MzeeHatamu, wewe umeanza na akili ya farasi wakati tatizo linaweza kuwa la mizani. Mtu anayepanda kutoka chini hulivuta tandiko upande mmoja kwa uzito karibu wote wa mwili wake. Vipimo vya shinikizo chini ya tandiko vimeonyesha kwamba mtu akipanda kwa kushoto, mzigo mkubwa huangukia upande wa kulia wa sehemu ya juu ya mabega, kwa sababu ndipo tandiko linapokwama lisizunguke. Farasi mchanga ambaye bado anajifunza kubeba mtu hana budi kusogeza mguu ili asiyumbe. Huo si utovu wa adabu.

Kwa hiyo zawadi yako unayo tayari: mtengenezee mkeo ngazi ya kupandia. Iwe ya mbao nzito, ngazi mbili au tatu, yenye kitako kipana kisichopinduka, na pande zake zizibwe kabisa ili kwato isije ikaingia kati ya miguu yake. Atapanda kwa wepesi, mgongo wa farasi utapata nafuu, na tandiko lenyewe litadumu zaidi kwa sababu halitapindwa kila siku.

Mchokozi
Mke anataraji kitu kinachong'aa, anafunguliwa mlango na kuonyeshwa ngazi ya mbao. Naomba mtoa mada atuletee taarifa siku hiyo, kama bado ataruhusiwa kutumia simu yake.

DaktariWaZizi
Kabla ya mafunzo na kabla ya useremala, ondoeni uwezekano wa maumivu. Farasi anayekwepa kupandwa mara nyingi anaeleza jambo kwa njia pekee aliyo nayo. Nina mashaka matatu.

Tandiko ndilo la kwanza. Farasi wa umri huu hubadilika umbo la mgongo kwa kasi, na tandiko lililomkaa vizuri alipoanza kazi linaweza kuwa linambana mabegani sasa. Kisha kuna tumbo. Tumbo la farasi hutoa asidi mfululizo, ale asile, kwa hiyo anayekaa saa nyingi bila majani huweza kupata vidonda, na mara nyingi huyu ndiye anayenuna mkanda wa tandiko unapokazwa. Shaka la tatu husahauliwa sana, nalo ni mdomo. Farasi hubadilisha meno ya mbele kwa zamu, takribani akiwa na miaka miwili na nusu, kisha mitatu na nusu, kisha minne na nusu, na magego kadhaa ya utotoni nayo huachia katika kipindi hicho hicho. Huyu mnayemzungumzia yuko katikati ya zamu hizo. Mpandaji akikusanya hatamu wakati wa kupanda, lijamu, yaani kile chuma cha mdomoni, huvutwa, na kama kuna jino linalolegea, kuondoka ni jibu la haki kabisa.

Zizini_Daima
Mimi naona mnazunguka mbuyu. Farasi ni mnyama wa kundi na katika kundi kuna anayeamua nani asogee na nani asimame. Huyu jike ameamua kwamba yeye ndiye kiongozi na mke wa mtoa mada ni mfuasi. Mrudisheni kwenye uwanja wa mviringo, mwacheni azunguke mpaka aanze kulamba midomo na kutafunatafuna, maana hiyo ndiyo ishara kwamba amekubali uongozi wenu. Mkifika hapo, atasimama hata bila kushikwa.

Mdadisi
Zizini_Daima, ishara hiyo ya kulamba na kutafuna haina tafsiri moja inayokubalika. Wapo wanaoiona kuwa utii, na wapo watafiti wanaoieleza kuwa ni mwili unaotoka kwenye hali ya wasiwasi na kurudi kwenye utulivu, mate yakirejea katika mdomo uliokuwa umekauka. Kama maelezo haya ya pili ndiyo sahihi, basi farasi aliyezungushwa hadi akalamba midomo anatuambia tu kwamba alikuwa na hofu na sasa imepungua. Isitoshe, mpangilio wa nani anamsogeza nani malishoni hautuhakikishii kwamba farasi humweka binadamu katika ngazi hiyo hiyo.

Zizini_Daima
Nimeona farasi wengi wakibadilika kwa njia hiyo, na sidhani wote walikuwa wamekauka midomo.

Kwato_Nne
Ninataka kurudi kwenye swali la siri, kwa sababu limenikuta mimi nikiwa upande wa mke. Mume wangu alimfunza farasi wangu kuingia kwenye trela kwa siri, akanionyesha siku ya sikukuu, na kwa hakika farasi aliingia bila kusita. Nilipomwongoza mimi, aligoma mlangoni kama kawaida yake. Tulikuja kugundua kwamba mume wangu alikuwa akishusha bega la kulia kidogo kila alipofika kwenye ubao wa kupandia, na farasi alikuwa akilifuata bega, hakuwa akiifuata kamba. Ilinibidi nijifunze kutembea kama mume wangu katika zizi langu mwenyewe. Nilifurahia upendo wake, lakini zawadi yenyewe ilikuwa na kazi ndani yake.

Mdadisi
Kisa cha Kwato_Nne kinafanana na kile maarufu cha Hans, farasi wa Berlin ambaye mwanzoni mwa karne ya 20 alidaiwa kujua hesabu. Mmiliki wake, Wilhelm von Osten, alimuuliza maswali naye akajibu kwa kugonga ardhi kwa kwato. Mwaka 1907 Oskar Pfungst alionyesha kwamba farasi huyo alikuwa akisoma mabadiliko madogo mno ya kichwa na mwili wa muulizaji, ambayo muulizaji mwenyewe hakujua kwamba anayafanya. Muulizaji asipolijua jibu, au Hans asipomwona, majibu yaliharibika.

Ndiyo maana nadhani mtoa mada anaweza kufaulu kabisa mchana, akashindwa asubuhi ya sikukuu. Farasi atakuwa amejifunza kusimama kwa ajili ya mtu mmoja, mwenye urefu wake, uzito wake na namna yake ya kushusha pumzi kabla ya kuinua mguu.

MzeeHatamu
Hilo ni kweli, lakini lisitumiwe kuzuia kila kitu. Farasi wa shule za upandaji hupandwa na watu tofauti kutwa nzima, na wengi wao husimama. Zoezi likifanywa na watu wawili watatu, mahali tofauti, ishara ikiwa moja na ya wazi, huwa la farasi mwenyewe.

BintiShoti
Na likifanywa pande zote mbili. Nilifundishwa kwamba kile ambacho farasi amekiona kwa jicho la kushoto, jicho la kulia halikijui, kwa hiyo kila somo lirudiwe upande wa pili tangu mwanzo.

DaktariWaZizi
Ushauri ni mzuri, sababu siyo. Nusu mbili za ubongo wa farasi zimeunganishwa, na majaribio ambayo jicho moja lilizibwa yameonyesha kwamba alichojifunza farasi kwa jicho moja hukitambua kwa jingine. Kinachomshtua ni kwamba kitu kile kile, kikitazamwa kutoka upande wa pili, kina umbo jingine. Mtu anayepanda kwa kulia pia humgusa mahali ambapo hajazoea kuguswa. Fundisheni pande zote, kwa kuwa pia inausaidia mgongo kutovutwa upande mmoja maisha yote. Desturi ya kupanda kwa kushoto huelezwa kuwa ilitokana na askari waliovaa upanga kiunoni upande huo, na sisi wengine hatuna upanga wa kutuzuia.

MumeWaMpandaji
Ahsanteni sana. Jana nimefanya uchunguzi kidogo, nikazidi kuchanganyikiwa. Mke wangu alimpanda farasi bila lijamu, akitumia kamba ya kichwani pekee, na farasi alisimama tuli hadi alipoombwa kutembea. Nilikuwa tayari kumpa DaktariWaZizi ushindi, kisha nikakumbuka kwamba siku hiyo mke wangu alipanda akitokea juu ya kisiki, kwa kuwa tulikuwa nje ya uwanja.

BintiShoti
Kisiki ni ngazi ya kupandia iliyotengenezwa na mti. Nimemaliza.

DaktariWaZizi
Lijamu halikuwepo. Nami nimemaliza.

MzeeHatamu
Mlikuwa nje ya uwanja, mahali ambapo farasi hana mazoea ya kuondoka. Na kwa kuwa mke wako alikuwa anajaribu kitu kipya, naamini alikaa kidogo kabla ya kuomba mwendo.

Zizini_Daima
Alikuwa juu zaidi ya farasi. Kiongozi husimama juu.

Mchokozi
Farasi mmoja, kisiki kimoja, mabingwa wanne. Mtoa mada, wewe ng'oa kisiki hicho umpe mkeo kama zawadi.

Mdadisi
Mchokozi anatania, lakini ametaja njia ya kupata jibu. Vitu kadhaa vilibadilika kwa wakati mmoja, kwa hiyo siku hiyo haituambii lolote. Badilisheni kimoja kimoja: lijamu pamoja na kisiki, kisha kamba ya kichwani kutokea chini, kila jaribio likirudiwa siku kadhaa. Hata hivyo, kama kuna maumivu, sioni haki ya kuendelea kumpanda kutokea chini kwa ajili ya udadisi wetu.

Tandiko_la_Ngozi
Nimesoma uzi wote na nashangaa hakuna aliyegusa umri. Miaka mitatu na nusu! Mifupa ya uti wa mgongo wa farasi ndiyo ya mwisho kukomaa, na hukamilika baada ya miaka mitano hivi. Labda farasi anaondoka kwa sababu amebebeshwa kazi mapema.

DaktariWaZizi
Hoja ya uti wa mgongo ni sahihi, lakini hitimisho lake lina mjadala. Mifupa huimarika kwa kufanyishwa kazi, na mazoezi ya wastani katika ujana yameonekana kuisaidia kuliko kumfungia farasi zizini. Muhimu ni muda mfupi, mapumziko mengi na uzito wa wastani. Kanuni inayotumiwa na wengi ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa farasi, yaani kilo 90 kwa farasi wa kilo 450, na kwa farasi mchanga mimi ningeshuka chini ya hapo. Naomba mtoa mada asije akamuuliza mkewe uzito wake katika wiki hizi za sikukuu.

Kwato_Nne
Turudi kwenye zawadi, maana hatujamsaidia. Kitu ambacho hupaswi kumnunulia mpandaji bila yeye kujua ni tandiko. Linapaswa kuukaa mgongo wa farasi na nyonga za mpandaji kwa wakati mmoja, na huwezi kuyapima hayo yote kwa siri. Kofia ngumu nayo ina tatizo: vichwa vyenye mzunguko mmoja huwa na maumbo tofauti, na kofia inayocheza kichwani haikingi kitu. Ya mitumba usiiguse kabisa, kwa sababu kofia iliyowahi kuanguka na mtu inaweza kuwa imevunjika ndani huku nje ikionekana nzima. Buti ndefu hutaka kipimo cha kigimbi. Kwa upande wangu, zawadi niliyoipenda kupita zote ilikuwa kikuku cha mkononi kilichosukwa kwa singa za mkia wa farasi wangu mzee, aliyefariki mwaka uliofuata. Ukitaka kufanya hivyo, kata singa za chini ya mkia, nyingi lakini zisizoonekana, na uzioshe vizuri kabla ya kumpelekea msusi.

BintiShoti
Wazo zuri sana. Glavu pia msizidharau, zinachakaa haraka. Ila blanketi la farasi unaweza kulinunua bila kumuuliza mtu: vuta kamba kutoka katikati ya kifua, pitisha ubavuni hadi nyuma kabisa ya paja, kisha pima kamba hiyo.

Zizini_Daima
Nami nachangia kwamba siku yenyewe mpambe farasi. Mfungie utepe mkubwa mwekundu mkiani, mke atoke aone zawadi yake.

MzeeHatamu
Usimfungie utepe mwekundu mkiani! Katika mashindano na misafara ya farasi, utepe mwekundu mkiani ni onyo kwamba farasi huyo hupiga teke, na wa kijani humaanisha kwamba bado hajazoea. Mke wake ataona utepe na kuuliza ni nani amepigwa.

Mdadisi
Farasi mwenyewe hatakuwa na maoni, kwani macho yake hayatofautishi vyema nyekundu na kijani. Huona vizuri rangi ya samawati na ya njano. Uingereza waliacha rangi ya machungwa kwenye viunzi vya mbio za farasi kwa sababu hiyo hiyo, wakaleta nyeupe. Kitakachomsumbua ni karatasi ya zawadi. Ikichakarika nyuma yake, mahali asipoona, mafunzo yote ya kusimama tuli yataishia hapo.

Tandiko_la_Ngozi
Mnazungumza kana kwamba wapandaji wote ni wake. Mume wangu ndiye mwenye farasi, na mimi ndiye ninayetafuta zawadi kila mwaka. Kwa uzoefu wangu, mtu wa farasi hataki kurahisishiwa kazi. Mume wangu alitumia kipindi kizima cha baridi kumzoesha farasi wake turubai, akimwekea mbali, kisha karibu, kisha chini ya kwato, na siku farasi alipoivuka turubai ile bila kuinua kichwa, alinipigia simu kazini kunieleza. Kama ningekuwa nimeimaliza kazi hiyo kwa siri, ningekuwa nimemnyang'anya simu ile. Mtoa mada ajiulize kama mkewe anachukia tatizo hili, au analipenda kwa sababu ni lake.

MumeWaMpandaji
Swali hilo limenikaa moyoni, na kusema kweli sina jibu. Hulalamika sana kuhusu farasi kuondoka, lakini kila usiku husoma juu ya jambo hilo hilo kwa furaha ambayo sijaiona akisoma kitu kingine. Kwa sasa nimeanza kuchonga ngazi ya BintiShoti, yenye pande zilizozibwa. Meno yataangaliwa wiki ijayo, na hilo nimemwambia waziwazi kwa sababu daktari atahitaji ruhusa yake. Swali moja limebaki: naweza kumleta mtaalamu wa kupima tandiko mchana, mke wangu akiwa kazini, ili niweke majibu yake ndani ya bahasha?

DaktariWaZizi
Sehemu tu. Mtaalamu anaweza kuupima mgongo, kuangalia mti wa tandiko, yaani kiunzi chake cha ndani, na kama sufu ya ndani imejikusanya upande mmoja. Lakini lazima amwone mpandaji mwenyewe akiwa juu, farasi akitembea na kugeuka pande zote mbili, kwa sababu tandiko lisilo na mtu hukaa tofauti kabisa. Weka miadi kwenye bahasha, majibu yatakuja akiwepo.

Kwato_Nne
Na miadi hiyo iwe baada ya daktari wa meno, ili asimpime farasi anayetupa kichwa kwa sababu ya jino.

Zizini_Daima
Na kabla ya miadi yote miwili, uwanja wa mviringo.